Mstari Ulioukata

Mpenzi Mama Mkubwa,

Ijumaa iliyopita nilisimama nje ya ukuta wa makaburi nikakutolea salamu kwa mbali, kama tufanyavyo wanawake wa mji huu. Siku uliyozikwa pia hatukukufuata. Tulikuosha, tukakuvisha sanda, tukakufukiza udi, kisha wanaume wakakuteremsha ngazi na mlango ukafungwa nyuma yao. Mama alibaki ameshika kandambili zako mkononi, hajui aziweke wapi. Nakumbuka nilivyowaka ndani kwa ndani. Huyu, nilijiambia, aliyekaa miaka yote ile kwenye kiti kilichoinuka kuliko vya wanaume wote waliokuwamo chumbani, leo anapelekwa shimoni na wanaume peke yao.

Hasira ile niliitupa mahali pasipo pake. Nimechelewa kujua ilikopaswa kwenda.

Nakuandikia kwa sababu jana mama alisimama mahakamani kushindana na ndugu yenu, mimi nikiwa wakili wake, na ushahidi tuliouleta uliandikwa na mkono wako. Ungekuwa hai nisingethubutu. Habari hii imeshaanza kuzunguka mjini, kila mtu na nyongeza yake, ndiyo maana naiandika wazi, msomaji yeyote aisome. Lakini wa kwanza kuambiwa ni wewe.

Nilikuwa na miaka kumi uliponichukua mahakamani mara ya kwanza. Shule zilikuwa zimefungwa, na mama alikuwa na kofia za kumalizia kabla ya Idd, hakutaka nimzunguke miguuni. Ulinikalisha benchi la nyuma karibu na mlango, ukanionya nisitafune kitu. Kisha ulitoka ukarudi kupitia mlango mwingine, umevaa joho, na watu wote wakasimama. Mimi nikasahau kusimama. Nilikuwa najaribu kuelewa vipi mtu aliyenisuka nywele asubuhi ameweza kugeuka vile.

Uliandika kila kitu kwa mkono. Wakili akianza kukimbia na maneno uliinua kidole cha mkono wa kushoto, bila kumtazama.

"Wakili, itazame kalamu yangu. Ikisimama, endelea."

Kwa wanawake waliopanda kizimbani na mabuibui yao, wakitetemeka hata kiapo hakitoki, ulibadilisha sauti. "Tazama kalamu, mama. Usiiogope, haina meno." Kuna waliocheka, na baada ya kicheko wakaweza kusema.

Mchana tulikula chumbani kwako, mkate wa mofa na samaki wa kupaka, umetandaza gazeti juu ya mafaili. Ulinionyesha ukurasa ulioandika asubuhi. Katikati ya maneno ya shahidi palikuwa na mabano, na ndani yake umeandika: shahidi ananyamaza.

"Hajasema kitu, kwa nini umeandika?" nilikuuliza.

"Amesema. Kunyamaza ni jibu, na jibu huandikwa."

Ukanionyesha na jambo jingine. Ulisema majaji hawaandiki maswali, huandika majibu tu, yakafuatana kama hadithi. Ndiyo maana msomaji wa rekodi lazima awe macho. Akikutana na jibu ambalo haliwezi kusimama peke yake, ajue juu yake kuna kitu kimeanguka, arudi akakiokote. Nilikuwa mtoto. Nilidhani unanifundisha kusoma mafaili.

Mwaka uliofuata ndipo ulipoamua kesi ya Bi Karai. Jina lake alikuwa nalo, lakini sote tulimwita hivyo. Alikuwa mama wa Tononoka aliyekaanga viazi karai mbele ya lango la shule tangu ujana wake mpaka mvi, huku mumewe akijenga nyumba mbili na kuandikisha zote kwa jina lake mwenyewe. Mume alipomwacha, alimwambia achukue karai lake aende. Nilikuwapo siku ile kwenye benchi langu la nyuma. Wakili wa mume aligeuka akawatazama watu, kisha akakutazama wewe, mikono ameifungua.

"Mheshimiwa, viazi? Nyumba mbili za mawe, zimejengwa kwa viazi na ukwaju?"

Watu walicheka. Hukucheka. Ulimwomba mama yule ainue mikono yake juu, ukavaa miwani, ukaitazama kwa muda mrefu, na kalamu yako ndiyo iliyokuwa ikisikika peke yake. Baadaye niliona ulichoandika: shahidi anaonyesha viganja, makovu ya mafuta, mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Katika hukumu ukasema kazi ile ya motoni ilikuwa mchango sawa na saruji, na kwamba mwanamke hapaswi kutegemea hisani ya mtu kwa kitu alichokijenga mwenyewe, kwa kuwa ahadi ya mdomo ni ukuta wa karatasi. Wanawake walioijaza ile korido walipiga vigelegele mpaka askari akawatoa.

Idd ile ulipoingia kwa Babu, Mjomba Salimu alipiga kelele kutoka ukumbini.

"Ficheni hati! Jaji wa makarai amefika!"

"Na wewe inua mikono tuione," ulimjibu. "Una kovu gani zaidi ya la kikombe cha kahawa?"

Tulicheka sote, Babu akakohoa kwa kicheko. Mama alimvisha Mjomba kofia mpya, kama alivyofanya kila Idd, akairekebisha ikae sawa juu ya masikio. Nikiirudia siku ile sasa, naona kila kitu kilikuwa kimekwisha tandazwa mbele yangu, ila sikujua kusoma.

Nilipofika chuo kikuu, mhadhiri mmoja aliitaja hukumu yako. Mkono wangu ulipanda wenyewe. "Huyo ni mama yangu mkubwa," nilisema, na darasa zima likageuka. Wasichana wawili walinifuata nje wakitaka kujua unakula nini, unavaa nini nyumbani, kama kweli hukuwahi kuolewa kwa sababu wanaume walikuogopa. Niliwaambia unapenda mkate wa mofa. Nilijiona nimebarikiwa. Nilitembea na jina lako kama mtu anayetembea na mwavuli, na kwa miaka mingi sikulowa.

Ulipofariki, walikuja kutoka kila upande. Mawakili wa bara na suti zao walipanda ngazi za nyumba ya Babu, wakaketi chini kwenye mikeka kwa tabu, wakasema umetuachia urithi. Neno hilo hilo walilirudia wote. Mama aliwapitishia kahawa. Hakuna aliyemuuliza yeye kaachiwa nini.

Nyumba unaijua, lakini wasomaji hawaijui. Iko Mji wa Kale, ghorofa moja, ngazi yake ina kipago cha tatu kilichovunjika. Juu kuna dirisha linalopata mwanga kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na hapo ndipo mama anaposhona kofia tangu aliporudi kwa Babu na talaka mkononi na mimi mgongoni. Kushona vitundu vile vidogo kunataka mwanga, na macho yake sasa yamechoka. Ukimwondoa dirishani pale humwondoi nyumbani tu. Unamwondolea na kazi.

Mjomba alikuja miezi minne baada ya wewe kwenda. Alikuja na mtu mwenye kipimo cha utepe, na mtu yule akaanza kupima kuta bila kuvua viatu.

"Salimu, huyu nani?" mama aliuliza.

"Mnunuzi, Esha. Anataka kufanya nyumba ya wageni. Watalii wanapenda nyumba kama hizi."

"Nyumba ya nani?"

Mjomba alikaa. Simchori kama shetani, Mama Mkubwa. Alikuwa na jasho, na alimwita mama dada yangu mara tatu katika pumzi moja. "Mimi sikufukuzi. Kwangu ng'ambo ya kivuko nimekutengenezea chumba, nyuma ya jiko, kizuri, una mlango wako mwenyewe. Uje ukae na wajukuu. Upweke huu wa nini?"

Nilimwambia, kwa ile sauti ya uwakili niliyokuwa nayo bado mpya, kwamba mama ni mrithi wa Babu kama yeye, ana fungu lake, na nyumba haiuzwi bila yeye. Mjomba hakugomba. Alitoa karatasi mfukoni mwa kanzu, imekunjwa mara nne.

"Mwanangu, una elimu, hatukatai. Lakini mama yako mkubwa alikuwa jaji wa wanawake wa nchi nzima. Yeye alitia sahihi hapa. Wewe umemshinda yeye?"

Nilisoma. Karatasi ilisema nyinyi wawili, binti za marehemu, kwa hiari yenu na bila kushurutishwa, mmemwachia ndugu yenu mafungu yenu katika nyumba ile. Chini palikuwa na sahihi yako yenye ule mkia wake mrefu. Chini yake sahihi ya mama, imepinda. Tarehe ilikuwa ya arobaini ya Babu. Hukumu ya Bi Karai ilikuwa haijatimiza mwaka.

Nilidhani imeghushiwa. Nilisubiri mama aseme imeghushiwa.

"Dada aliniambia tia," alisema mama baada ya Mjomba kuondoka. "Nikatia."

Sheria ya dini yetu ilimpa mama fungu lake katika nyumba ile, na hakuna shekhe hapa mjini atakayelikataa. Hakunyang'anywa na dini. Aliliacha kwa haya. Tumelelewa kwamba dada mwema hagawani kuta na nduguye. Humwachia, naye nduguye humtunza. Mabinti wangapi wa mitaa hii wametia sahihi karatasi kama ile baada ya kisomo cha hitima, sinia la biriani halijaondolewa bado? Hilo nalijua. Najua pia kwamba wewe ulikuwa ndiye mtu mmoja katika mji huu mwenye uwezo wa kusema hapana na wote wakanyamaza.

Miezi yako ya mwisho ulikuwa huna mkono wa kulia. Kiharusi kiliuchukua, na pamoja nao nusu ya maneno. Ulinionyesha lile sanduku la bati chini ya kitanda chako, nyumbani kwako Tudor, madaftari yako ya miaka yote, ukasema, "Yote." Nikadhani umenipa yote. "Soma," ukasema, "yote," na jicho moja lilikuwa likitoka maji, nami nikalipangusa nikidhani ni ule ugonjwa.

Sikusoma yote. Nilisoma ya kesi. Yale yenye jalada jeusi niliyajua mpaka kwa namba. Chini kabisa palikuwa na daftari la kijani, umeandika juu yake Nyumbani, na nilipolifungua nikakuta vipimo vya halua, orodha ya shuka za dobi, na dawa ya mchwa. Nikalirudisha. Naandika hili kwa aibu: mimi, niliyefundishwa na wewe, nililipita daftari kwa sababu limeandikwa Nyumbani.

Nililifungua tena mwezi uliopita, natafuta chochote. Ukurasa wenyewe ulikuwa katikati, baina ya halua na mchwa. Ulikuwa umeandika kama unavyoandika ukiwa kitini.

Arobaini ya Baba. Ukumbi wa juu, baada ya hitima. Waliopo: Salimu, Esha, mimi. Salimu ameleta karatasi iliyoandikwa tayari. Anasema ndiyo desturi, na kwamba itakuwa aibu tukigawana kuta. Nimesoma. Nimeelewa. Nimetia sahihi. Nimempa Esha kalamu.

Kisha maneno mawili: Esha amesema. Baada ya hapo umekata mstari, na umekata kwa nguvu mpaka karatasi imechanika.

Salimu: nani atakutoa humu? Esha ananyamaza. Esha ametia sahihi. Chai imepoa.

Na chini yake, kwa wino mwingine, sijui baada ya siku ngapi au miaka mingapi: lau ingeletwa mbele yangu, ningeikataa.

Nilikaa sakafuni na daftari lile mpaka miguu ikafa ganzi. Kwanza nilikuonea huruma, na huruma ile haikudumu. Ulijua. Hukudanganywa, hukusoma vibaya, hukuwa mjane asiyejua kusoma aliyeshikwa kidole kikachovywa wino. Ulikuwa umeandika kwa mkono ule ule kwamba ahadi ya mdomo ni ukuta wa karatasi, kisha ukamweka mdogo wako nyuma ya ukuta huo ukarudi Tudor, kwenye nyumba yenye jina lako. Na kila Alhamisi kwa miaka yote iliyobaki ulikuja kula kwetu, ukakaa chini ya dirisha lile, ukamsifu mama mkono wake.

Nilimpelekea mama daftari. Sikumficha kwamba nataka kulitoa mahakamani. Bila hilo tulikuwa hatuna kitu, na wakili wa Mjomba alikwisha andika kwenye majibu yake ya kesi tuliyofungua kwamba marehemu alikuwa bingwa wa haki za wanawake, na hakuna anayeweza kudai hakujua alichokitia sahihi. Mama Mkubwa, walikuwa wanampiga mama kwa jina lako. Kila hukumu njema uliyoandika ilikuwa fimbo mpya.

Mama alinisikiliza, sindano mkononi. Alikuwa anashona kofia ya Mjomba.

"Hapana," alisema.

"Mama, watakutoa."

"Wanitoe. Usimvue dada yangu nguo kaburini."

"Yeye ndiye—"

"Nimesema hapana! Maiti husitiriwa. Mimi nilimwosha kwa mikono hii, unajua? Nimsitiri mwili, kisha nimwanike maandishi?" Sindano ilimchoma, akanyonya kidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hujui wewe. Mtaani walikuwa wakimwita mvunja nyumba. Wake za watu walikuwa hawamwaliki harusini, waume zao wanakataa. Alitaka nyumba hii moja isimame."

"Isimame juu ya mgongo wa nani?"

Alivuta uzi. Nami, kwa kukosa la kufanya, nikamsomea ukurasa ule tangu mwanzo. Nilisoma polepole, kama ulivyonifundisha. Nilipofika kwenye jibu la Mjomba nilisimama. Nani atakutoa humu? Lile ni jibu, nikaona. Haliwezi kusimama peke yake. Hakuna mtu anayemwambia mwenzake hivyo, kwenye ukumbi ulionyamaza, bila ya kuulizwa kitu.

"Mama, hapa pamekatwa. Ulisema nini?"

Aliendelea kushona.

"Ndio kaandika sikusema?"

"Kaandika umesema. Halafu kakata."

Aliweka kofia chini. Alitazama nje ya dirisha, ambako kuna ukuta wa jirani tu na bomba la maji. Aliponiambia alichosema siku ile, aliniambia kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyuzi, na sitakiandika hapa bado, kwa sababu mwenyewe aliniomba hivyo.

"Haya," alisema. "Lipeleke. Lakini ule mstari usiusome wewe, wala asiusome wakili wao. Nitausema mimi."

Kuna jambo moja lazima uambiwe kabla sijafika mwisho. Wanasheria wenzako waliandaa hotuba ya kila mwaka kwa jina lako, na walitaka mimi nizungumze ya kwanza. Tulipowasilisha nakala ya daftari mahakamani, mwenyekiti wao, mama mtu mzima, mwanasheria aliyekulilia kweli, alinipigia simu.

"Binti yangu, hukuweza kusubiri kidogo?"

"Nisubiri nini, Bi?"

"Watu wamsahau sahau. Sasa hivi bado tunamhitaji."

Nilimjibu kwamba hata mama yangu alimhitaji. Alinyamaza. Niliandika kunyamaza kwake pembeni mwa gazeti lililokuwa mbele yangu, bila kufikiri, kisha nikaona nilichofanya, nikalia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Hotuba itatolewa na mtu mwingine. Itakuwa nzuri. Kila atakachokisema juu yako kitakuwa kweli, na hilo ndilo linaloniua. Bi Karai ni kweli. Wanawake wa korido ni kweli. Mimi mwenyewe, kwenye joho nililovaa jana, ni kweli yako.

Jana basi. Jaji ni mwanamume wa makamo mwenye kompyuta mezani, lakini, kama wewe, bado anaandika kwa mkono. Mama alipanda na buibui lake la Idd. Kiapo kilitoka. Alilitoa daftari mkobani mwenyewe, akaulizwa anaujuaje mwandiko, akasema, "Huyu ndiye aliyenifundisha kuandika." Nilisoma ukurasa wako. Watu wa benchi la nyuma, wengine wao wanasheria wachanga waliokuja kwa ajili ya jina lako, waliacha kunong'ona. Nilipofika penye mstari uliokatwa, nilimgeukia mama.

"Mama, itazame kalamu ya mheshimiwa."

Aliitazama. Alikuwa ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, na niliona vidole vyake vilivyotobolewa na sindano maisha yake yote, vimekuwa vigumu nchani kama kwato. Nilitaka kumwomba aviinue. Sikufanya hivyo. Ile ilikuwa njia yako, na mama hakuwa na haja nayo.

"Nilimwambia: Dada, wewe una pengine. Mimi sina."

Kalamu ilikwenda. Jaji akainua macho.

"Rudia, mama."

"Dada, wewe una pengine. Mimi sina."

"Na dada yako akasema nini?"

Mama alisubiri mpaka kalamu iliposimama.

"Aliniambia, Tia, Esha, watu wanangoja chini. Ndipo Salimu akasema nani atakutoa humu."

Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. Wakili wake alisimama akasema huyu ni shahidi mwenye maslahi, na marehemu hawezi kuhojiwa, na maneno yaliyokatwa yamekatwa na mwenyewe aliyeyaandika, basi hakutaka yawe. Ilikuwa hoja nzuri. Huenda ikashinda. Hukumu itasomwa siku tutakayoarifiwa, na mnunuzi ameshaleta mbao, ziko chini uani zimefunikwa turubai, tunazipita tukiingia na kutoka. Sina la kukuahidi. Sheria uliyoijenga inasema mambo mengi kuhusu mume na mke. Kuhusu dada na kaka, na kuhusu dada na dada, inanong'ona tu.

Tuliporudi, mama alivua buibui, akaketi dirishani, akaichukua kofia ya Mjomba pale alipoiachia.

"Bado unamshonea?" nilimuuliza, na sikuweza kuizuia sauti yangu.

"Kofia ni ya Idd. Kesi ni kesi." Alishona vitundu viwili vitatu. "Utamwandikia dada?"

Sijui alijuaje. "Nitamwandikia."

"Mwambie siku ile sikukasirika. Nimekasirika jana, pale jaji aliponiambia nirudie."

Kisha akaomba nimsogezee kiti, mwanga ulikuwa unahama.

Mama Mkubwa, bado nakupenda, na sijui niuweke wapi upendo huu, kama mama na kandambili zako. Nitaendelea kuzitaja hukumu zako mahakamani, kwa sababu wanawake wengine wanazihitaji na hawana hatia ya jambo hili. Daftari la kijani limebaki kwa karani wa mahakama, lina namba ya kielelezo, na wakilirudisha nitaliweka juu ya yale meusi, si chini yake. Mungu akusamehe kwa lile aliloliona ukilifanya, na kwa lile ulilojiandikia mwenyewe. Mama ameshasema lake, nami nimeliandika humu neno kwa neno. Sikukata kitu.

Ni mimi,
binti wa mdogo wako